Sauti ya Naitiri Niliyoikata

Wafula alinipigia simu Jumatano moja mwezi wa nane, asubuhi, nikiwa kazini Nairobi nikisafisha sauti za tangazo la sabuni. Namba sikuijua. "Nekesa," akasema, bila salamu, "Mama Rispa ametuacha. Anazikwa Ijumaa, huko Naitiri. Nimeona ujue." Halafu akakata. Tulikuwa hatujaongea kwa miaka kumi na sita, lakini niliitambua sauti yake kabla hajamaliza jina langu, kwa sababu kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao niliisikiliza sauti hiyo kila siku, nikaikata vipande, nikavipanga na kuvipangua, hadi nikajua anavuta pumzi wapi kabla ya neno gumu. Siku hizi vijana wanaotengeneza hip-hop ya majaribio, ile isiyotaka mdundo wa kawaida, hunialika kwenye vikao vyao niwaeleze ilianzaje huko kwetu. Huniita mwanzilishi. Nami huwaeleza habari za Kitale, na kinu cha Endebess, na jinsi tulivyochekwa Bungoma. Wananipigia makofi. Kuhusu Mama Rispa sijawahi kuwaeleza neno.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikifanya kazi katika duka la video la Mzee Khaemba, Kitale, uchochoro mmoja nyuma ya soko. Kusema duka ni kulisifu. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao, mbele kaunta ya kupokelea wateja, nyuma pazia la maua mekundu, na nyuma ya pazia kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza kila jioni kama mgonjwa. Ukuta wa kulia tuliugawana na kibanda cha chakula, na mbao zake zilikuwa na nyufa, kwa hiyo harufu ya maharagwe ya kukaanga na maneno ya wateja yote yaliingia kwetu. Nilijua nani ameachwa na mke, nani mahindi yake yamekataliwa kwa unyevu, kabla sijajua majina ya wenyewe. Kazi yetu kubwa ilikuwa mazishi. Harusi zilikuwapo, lakini mazishi ndiyo yaliyotulisha. Mzee Khaemba alinifundisha mwenyewe, kwa upole wa mtu anayefundisha kushona. "Mwanangu, watu hulia vizuri zaidi dakika za kwanza," aliniambia. "Jeneza rikifunguriwa, wewe usiangarie jeneza. Angaria mama." Hivyo ndivyo alivyosema, l na r zikibadilishana viti kama kawaida ya watu wa Bungoma, na mimi nikaandika moyoni: angalia mama.

Wafula aliingia dukani mwezi wa kwanza akitaka kunakiliwa CD. Alikuwa anasomea ualimu Bungoma, mrefu, shati limechomekwa vizuri, na alikuwa na nyimbo sita alizorekodi kwa rafiki yake. Nikazisikiliza. Alikuwa anajilazimisha kuongea kama kijana wa Nairobi aliyejilazimisha kuongea kama Mmarekani. "Unasemaje?" akauliza. Nikamwambia ukweli: sikuamini hata neno moja. Akanuna. Akaanza kubishana nami, na katika kubishana akasahau kujibana, akasema, "Sasa wewe unataka nirete rugha gani?" Nikamwambia, hiyo hiyo. Akadhani namcheka. Alirudi baada ya siku tatu, akasimama mbele ya pazia, akachana mistari ya hip-hop kwa lafudhi ya kwao bila kuificha, Kiswahili na Kibukusu na Sheng kidogo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu niliyeweza kumwona akitembea barabarani.

Kinu kilikuja kwa bahati. Nilikuwa nimeenda Endebess kurekodi harusi, bwana harusi akachelewa, nami nikakaa kando ya kinu cha kusaga mahindi na kamera nikaisahau ikiwa inanasa. Mkanda wa kile kinu ulikuwa umelegea. Ulizunguka mara tatu sawasawa, mara ya nne ukateleza, ukajikwaa, ukaendelea. Niliporudi dukani nikaukata mlio huo, nikaurudiarudia, nikauweka chini ya sauti ya Wafula badala ya ngoma. Alipousikia alicheka, kisha akasema, "Hiyo mahali inajikwaa, mimi nikanyage ama niruke?" Ndiyo siku tulipoanza kufanya kazi kweli. Tulifanya saa ya chakula, Mzee Khaemba akiwa ameenda kula, chapati na maharagwe zikipoa kwenye kaunta. Tulirekodi mashine ya kupukuchua mahindi, milio ya ndoo za maziwa, mnada wa ng'ombe Chwele. Tuliachana na kibwagizo. Tuliacha kimya katikati ya wimbo, kimya kirefu hadi msikilizaji akafikiri CD imekwama. Kundi tukaliita Kinu. Wasikilizaji wetu walikuwa watatu, mimi na yeye, na mpishi wa upande wa pili aliyegonga mbao akisema, "Nyinyi watu, hiyo ni ngoma ama ni mashine inataka fundi?"

Bungoma walituuliza swali hilo hilo, ila kwa chupa. Ilikuwa Jumapili alasiri, shindano la vijana katika ukumbi mmoja, na Wafula alipanda jukwaani na suti ya babake. Kimya chetu kirefu kilipofika, watu wakadhani mitambo imeharibika, wakaanza kupiga miluzi. Alipoendelea kuchana wakacheka lafudhi yake, wenyewe walio na lafudhi ile ile. Chupa ya kwanza ilimpiga begani. Hakushuka. Alimaliza wimbo wote, akainama, akashuka, na tulikaa nje kwenye ngazi tukila mahindi ya kuchemsha. Mwishowe akasema, "Unajua shida, Nekesa? Kuna mashine, kuna ng'ombe, kuna mimi ninapiga mdomo. Mtu mwenye hana mchezo hakuna ndani ya hii ngoma." Nimeyafikiria sana maneno hayo. Sikuyasikia kama malalamiko. Niliyasikia kama nimetumwa dukani kumleta mtu huyo.

Mwezi wa tano kijana mmoja anayeitwa Simiyu alikufa Naitiri, pikipiki iliyobeba gunia la mahindi ilimwangukia kwenye matope. Alikuwa jirani wa Wafula, na zaidi ya jirani: Wafula na mama yake mjane walikuwa wamekaribishwa na ukoo wa Simiyu, wakapewa kipande cha kujenga katika shamba lao. Mama yake Simiyu ndiye Mama Rispa, aliyeitwa kwa jina la binti yake mkubwa. Wafula ndiye aliyewaambia wanichukue mimi nirekodi mazishi. Nilienda. Jeneza lilipofunguliwa, nilifanya nilivyofundishwa, nikamwelekezea kamera mama. Hakupiga mayowe kama wengine. Aliinama, akamgusa mwanawe shavuni, akamwambia kwa Kibukusu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mama anayeamsha mtoto asubuhi, ainuke waende. Inuka twende. Inuka twende, Simiyu wangu, ng'ombe bado hawajakamuliwa. Alisema hivyo, kisha sauti ikapasuka. Watu huniuliza kama wakati wa kurekodi mazishi nilikuwa nalia. Siku ile nakumbuka nilichokuwa nafanya. Nilikuwa napunguza kipimo cha sauti ili kilio chake kisikwaruze.

Jumatatu yake, saa ya chakula, nikaikata. Wafula hakuwapo. Hakuna aliyenishauri wala kunisukuma. Nilichukua yale maneno mawili, inuka twende, nikayaacha yaliyofuata kwa sababu yalivuka mdundo, nikayarudia juu ya kinu cha Endebess, na pale mkanda unapojikwaa nikaweka ule mpasuko wa sauti. Nilijua nimetengeneza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza kwetu, na furaha niliyoipata, naisema leo nikiwa na aibu, ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuzijua. Wafula alipokuja Jumatano nikamvisha spika za masikioni. Baada ya sekunde chache akazivua.

"Huyu ni Mama Rispa."

"Ndiyo."

"Huyu mama amenilisha, Nekesa. Mimi nimekula kwake mpaka nikalala kwake."

"Sikiliza mpaka mwisho. Usipotaka nafuta."

Akasikiliza mpaka mwisho. Aliegemea ukuta wa mbao, machozi yakamtoka, na upande wa pili mtu alikuwa anaitisha chai ya rangi. Kisha akachukua kipaza sauti, akamwimbia Simiyu mstari baada ya mstari, mara moja tu, bila kurudia. Alipomaliza akasema, "Futa." Nikaweka mkono kwenye kipanya. Akasema, "Ngoja. Hapana. Acha." Tukauita Gunia. Tukampa rafiki mmoja wa Bungoma asikilize, yeye peke yake, tukamwambia.

Ulikuwa mwaka ambao kila kijana alikuwa na simu yenye kadi ya nyimbo, na vibandani walikujazia nyimbo mia kwa dakika chache. Ndani ya wiki tatu Gunia ulikuwa kila mahali. Lakini si Gunia wetu. Kuna mtu aliyekata mistari yote ya Wafula, akaacha kinu na yale maneno mawili, akaongeza kasi, na vijana wakaona ni wimbo wa kuchezea. Inuka twende! Nilisikia waendesha bodaboda wakiitana hivyo Kitale. Nilisikia harusini, nikiwa nyuma ya kamera yangu, shangazi za bibi harusi wakiinuka kwa maneno hayo na kukata viuno. Nilimweleza Wafula. Alikuwa ameshaanza kupita njia ya nyuma akienda nyumbani, asipite mbele ya mlango wa Mama Rispa.

Mama Rispa alikuja dukani Alhamisi moja mwezi wa saba, na leso mbili, na shemeji yake Mzee Wekesa, ndugu wa marehemu mumewe na msemaji wa ukoo. Wafula alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya kaunta, anakula chapati. Alisimama nayo mkononi. Mzee Wekesa alianza kuongea kwa nguvu, lakini mama akamgusa mkono, akanigeukia mimi. Hakuwa amekasirika. Ningejua la kufanya kama angekuwa amekasirika.

"Binti yangu, nirikuwa Chwele nanunua ndizi," akasema. "Nikasikia mtu anaita mtoto wangu kwa redio. Nikatafuta ni nani. Kumbe ni mimi. Niwekee, nisikie vizuri."

Nikamwekea, ule wa kwanza, wenye mistari ya Wafula. Alisikiliza akiangalia sakafu. Ulipokwisha akasema, "Tena." Nikaweka tena. Mpishi wa kibanda na wateja wake walikuwa wamenyamaza upande wa pili, sikusikia hata kijiko. Halafu mama akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

"Nimemwita mara ngapi hapo?"

Wafula aliiweka chapati kwenye kaunta.

"Mimi nirimwita mara mbiri tu. Nikataja jina rake. Nikamwambia ng'ombe hawajakamuriwa, kwa sababu asubuhi ya kufa kwake aritoka kabra ya kukamua, tukakosana. Hayo mmetoa. Mmeniacha naita tu, naita tu, kama mtu mwenye hana mtoto anaita mtoto wa nani." Akavuta leso. "Nani arikata?"

Ninaweza kukichora chumba kile chote. Kaunta ilikuwa na alama ya mviringo ya kikombe. Pazia lilikuwa limeshikwa na pini kwa sababu ya joto. Mdomo wangu ulikuwa wazi, na nataka kuamini nilikuwa najiandaa kusema. Wafula akasema, "Ni mimi, mama." Na mimi nikaufunga.

Sijui mpaka leo kwa nini alisema. Labda aliona kwamba alikuwa ameishi na mama yule kwa miaka mingi na angesamehewa. Labda aliona nikikosa kazi nitarudi nyumbani, nisikotaka kurudi. Mama Rispa alimtazama, akasema tu, "Wewe, Wafula?" na akatoka. Jumamosi yake Mzee Wekesa aliita watu nyumbani Naitiri. Sikuwapo, nilisimuliwa. Mbele ya majirani wote, na mama yake ameketi kwenye nyasi, Wafula aliambiwa kwamba mtu anayechezesha watu kwa kilio cha nyumba iliyompa mahali pa kujenga hana mahali tena katika nyumba hiyo. Mama yake aliruhusiwa kubaki. Yeye alipewa mpaka jioni. Alikunja nguo zake kwenye mfuko wa mbolea, akaondoka kwa miguu.

Mama Rispa alikuwa ametuma neno moja: sauti yake itolewe. Kwa hiyo tuliitoa, au tulijaribu. Mwezi wa nane na wa tisa, kila siku niliyopata nafasi, tulizunguka mimi na Wafula, Chwele siku ya soko, Bungoma mjini, Kitale yote, kibanda kwa kibanda, tukiwaomba wenye kujaza nyimbo waufute ule wimbo. Wengine walifuta mbele yetu, na tulipogeuka kona tukasikia umeanza tena. Mmoja wa Bungoma, mtu mwenye adabu, alitukalisha, akatupa chai. "Nitawafutia, bana," akasema. "Lakini hebu niambieni. Nikitoa kwa hii mashine yangu, nitaingia kwa simu ya nani na nani?" Siku ile ndiyo Wafula aliacha. Nje, kijana mmoja alipita na pikipiki, simu ikilia mfukoni, inuka twende, na Wafula akamfuata mbio nyuma ya ile pikipiki, katikati ya barabara, akipiga kelele, "Taja jina! Taja jina!" mpaka akaanguka kwa magoti. Nilimwinua. Akatoa mkono wangu begani mwake, taratibu, kama mtu anayetoa mdudu asiyetaka kumuua, akasema ataenda Endebess kutafuta kibarua cha ng'ombe. Chuo hakurudi. Kuchana hakuchana tena. Mimi Desemba nilienda Nairobi, na Gunia ndio niliowasikilizisha watu walioniajiri.

Ijumaa ile ya mwezi wa nane nilifika Naitiri saa tano. Hema mbili, viti vya plastiki, vijana wa video wawili wakiwa na kamera ndogo kuliko kiganja. Wafula alikuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na ua, koti mapajani. Amenenepa, ana mvi. Tulisalimiana kwa mkono. "Umekuja," akasema. "Nimekuja." Nikamuuliza kama amekaribishwa. Akasema tangu mama yake afe hakuwa amekanyaga pale, amekuja kwa sababu ni mazishi na mazishi hayana mlango. Kisha akaangalia mbele, na nikaelewa maongezi yamekwisha.

Nilienda jikoni. Wanawake walikuwa wanakata sukuma, na Rispa, binti mkubwa, mwanamke mzima sasa, alikuwa ameinamia beseni la nyama. Nilijitambulisha. Nilimwambia yote pale pale nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Visu vilisimama kimoja kimoja.

"Kwa hivyo si Wafula alikata," akasema.

"Aliimba. Kukata ni mimi. Na mama alipouliza, nilinyamaza."

"Ukanyamaza mpaka leo. Mpaka amelala hapo nje."

"Mpaka leo."

Sikuona hasira usoni mwake, ila uchovu. Akafuta mikono, akatoka, akarudi na Mzee Wekesa, ambaye sasa anatembea na fimbo na masikio yamechoka, ikabidi nirudie yote kwa sauti kubwa, waombolezaji wa karibu wakageuka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Nirimfukuza kijana wa watu," akasema, si kwangu, "na mama yake amekaa hapo kwa nyasi." Nilikuwa nimesafiri usiku kucha nikifikiri nitautua mzigo. Nilikuwa nimeutua, ndiyo, kwenye mabega ya mzee wa miaka themanini siku ya kumzika shemeji yake.

Alitembea polepole kupita kati ya viti. Wafula alipomwona anakuja, alisimama, akachukua koti lake, akaanza kuondoka kabla hajaambiwa. Mzee akaharakisha, fimbo ikizama kwenye nyasi, akamshika mkono. Sikusikia alichosema, kama alisema. Niliona tu akivuta kiti cha jirani, akikaa, na Wafula akibaki amesimama kwa muda, koti mkononi, kisha naye akakaa. Walikaa hivyo ibada yote, bila kutazamana, na mkono wa mzee haukuachia mkono wa shati la Wafula.

Baada ya kuzika nilimfuata mpaka barabarani. Nilitaka aniambie kitu. Nadhani nilitaka anishukuru.

"Nimewaambia," nikasema.

"Nimesikia."

"Ilikuwa niseme siku ile ile, Wafula. Najua."

Alikuwa anajaribu kuvaa koti, mkono mmoja haupati njia, na sikuthubutu kumsaidia. "Ile kitu nilibeba mwenyewe," akasema. "Mwaka wa kwanza nilikuchukia. Baadaye nikaona angalau kuna kitu kimoja nilifanya kwa huyo mama na kwako, kikiwa changu. Nimekaa nayo miaka yote hiyo. Leo umefika hapa umeichukua, umepeana mbele ya watu, sasa kila mtu ananishika mkono."

"Nilidhani..."

"Ungeniuliza kwanza, Nekesa."

"Ungekataa?"

Koti likaingia. Akalivuta begani, akafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Sijui," akasema. "Lakini ungeniuliza."